Mgongo wa Mama Ngazi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto walianza kumwita Mama Ngazi, wakubwa wakafuata, na mwishowe hata barua ya kumwalika kwenye mkutano wa mtaa ikaandikwa hivyo hivyo. Naye hakununa. Ngazi ilikuwa yake kweli: ya mbao, vipandio tisa, cha nne kimefungwa kwa waya, na miguu yake imerukiwa na rangi nyeupe miaka mingi hadi ikaonekana imevaa soksi.

Alifanya kazi kwenye jumba dogo la sanaa la mtaa, ambalo zamani lilikuwa duka la vitambaa. Vyumba viwili, ujia mfupi katikati, na choo ambacho mlango wake haufungiki mpaka uuinue kidogo. Kila baada ya wiki tano au sita kulikuwa na maonyesho mapya. Leo picha za rangi ya mafuta, mara nyingine sanamu za mabati, mara nyingine redio mbovu hamsini zimepangwa sakafuni na watu wanazizunguka mikono nyuma, wakitikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Mama Ngazi ndiye aliyepigilia misumari, akapima kwa kipimamaji, akatundika. Maonyesho yakiisha, ndiye aliyeng'oa misumari ile ile, akaziba matundu kwa puti, akapiga msasa, kisha akapaka kuta zote rangi nyeupe mara mbili, ili msanii ajaye azikute kama hazijawahi kuguswa.

"Ukuta ni wa watu wote," alipenda kusema. "Ukimwachia mmoja, wengine watatundika wapi?" Kanuni hiyo aliiweka mwenyewe, na kwa miaka ishirini na tatu hakuna aliyethubutu kuivunja. Waliokuja kulialia kwamba mchoro wao wa ukutani uachwe angalau wiki moja zaidi, aliwapa kiti, akawapa chai, kisha akapaka.

Lakini palikuwa na mahali pamoja palipomsumbua. Chumba cha pili, nyuma ya mlango, upande wa kushoto ukiingia. Hapo hakupaka mara mbili. Alipaka mara tatu, nne, wakati mwingine tano. Alipaka asubuhi, akaacha pakauke, akarudi saa nane mchana na kusimama mbele yake. Na kila mara kilikuwepo. Kivuli cha kijivu, hafifu, kama alama ya maji kwenye dari: mabega mapana, kichwa kilichofungwa kitambaa, mkono mmoja umeinuliwa. Akipaka tena kinafifia. Zikipita siku mbili tatu, anaingia na ufagio, anageuza jicho, nacho kimerudi.

Msimamizi wa jumba alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu. Mara mbili Mama Ngazi alimwita aje aangalie.

"Mimi naona ukuta," alisema Mwalimu mara ya pili, akiwa ameinama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Ukuta mweupe pe. Labda unahitaji miwani."

"Macho yangu mazima, Mwalimu."

"Basi ni moyo. Nao hauna miwani yake." Akamshika bega kidogo, kisha akaondoka taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Tangu siku hiyo hakumuuliza mtu. Kila maonyesho, picha kubwa kuliko zote aliitundika pale nyuma ya mlango. Wasanii walilalamika kwamba haionekani vizuri, mlango unaikinga. Aliwaambia mwanga wa pale ni mzuri. La kuvunda halina ubani, alijua. Lakini afadhali kufukiza kuliko kukaa na harufu.

Hebu niseme mimi kilichokuwa chini ya rangi ile, maana mpaka hapo mwenyewe alikuwa hajamwambia mtu.

Miaka tisa nyuma, Mwalimu aliandaa maonyesho ya vijana wa mtaa. Walipewa makaa ya kuchorea na kuta tupu, wachore moja kwa moja ukutani, na chini ya michoro pasiandikwe jina la mtu. "Anayetazama amtambue mchoraji kwa mkono wake," alisema Mwalimu, na kila mtu aliona ni wazo zuri. Mmoja wa vijana hao alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Ngazi. Mama mtu hakujua.

Hakujua kwa sababu alikuwa amemkataza. "Wasanii mimi nawatundikia, nawajua," alimwambia siku alipokuta daftari la michoro chini ya godoro. "Wanakuja na viatu vilivyotoboka, wanaondoka na viatu vile vile. Tafuta kazi, baba." Kijana aliinamisha kichwa, akasema sawa, Mama, kisha akawa anachora kwa siri. Ungemlaumu? Alikulia humo jumbani. Akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kushika miguu ya ngazi mama yake akiwa juu. "Shika vizuri, baba," aliambiwa, naye alishika kwa nguvu zake zote, uso umemvimba, kana kwamba jumba zima litaanguka akiachia. Akiwa na miaka saba alipandishwa cheo cha kushika msumari, na mama yake, aliyekuwa anaongea na mtu mlangoni, akakipiga nyundo kidole gumba cha kulia cha mtoto. Kucha ilidondoka. Iliyoota baadaye iliota imepasuka katikati kama kwato ya mbuzi, na ikabaki hivyo.

Mchoro wake nyuma ya mlango ulikuwa wa mwanamke aliye juu ya ngazi, ameonyeshwa kwa nyuma, anapaka ukuta. Majirani walikuja, wakautazama mchoro, wakamtazama Mama Ngazi, wakacheka. Naye akacheka nao. Alidhani wanamcheka mama wa pale ukutani. Alipita mbele ya mchoro ule na ufagio asubuhi na jioni kwa wiki tatu.

"Huyu mama naye," alimwambia Mwalimu siku moja, "makalio yote hayo, ngazi itamstahimili kweli?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alidhani anajitania mwenyewe. Nyani haoni kundule, tumezoea kuwaambia wenye kuona makosa ya wenzao tu. Hapa ilikuwa kweli neno kwa neno. Kioo cha nyumbani kwake kilikuwa cha kuonyesha uso na shingo, basi. Wapi angeujulia mgongo wake?

Maonyesho yakaisha siku ya Jumapili. Jumatatu alishika rola. Mtu anayepaka rangi hatazami picha, anatazama wapi pamelowa na wapi bado. Nyuma ya mlango makaa yaliyeyukia kwenye rangi, nyeupe ikageuka majivu, akalazimika kurudia na kurudia, huku akiwalaani vijana wote wa mtaa na vizazi vyao. Hapo ndipo mwanawe alipofika mlangoni, begi begani. Alikuwa amepata kazi kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, mbali, na gari lilikuwa linaondoka mchana huo.

"Mama, umeiona?"

"Nimeona nini?" Hakugeuka. "Ninachoona ni makaa yanayonichafulia rangi. Kama una safari, nenda usichelewe. Kama huna, shika ngazi."

Kijana alisimama kidogo. Mama Ngazi alikuwa juu, rola mkononi, mgongo mlangoni. Hakusikia alipoondoka.

Wiki ya nne homa ikamshika huko kambini, na siku ya tatu ya homa akafa. Siku ya mazishi, msichana mmoja waliyekuwa wakichora pamoja alimkumbatia Mama Ngazi akilia. "Alisubiri wiki tatu nzima useme neno," alisema. "Alikuwa anatuambia, mama akijiona tu pale ukutani, nitamwambia ni mimi."

Hivyo ndivyo alivyojua.

Na juu ya hilo likaja la pili, ambalo ndilo lililomla zaidi. Mwalimu alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mama huyu ni wa kupigiwa mfano. Kanuni ya ukuta aliifuata hata kwa mchoro wa mwanawe wa kumzaa." Watu wakanong'ona kwa heshima. Mama Ngazi alifungua mdomo aseme, la, sikujua, sikumtambua, nilimcheka. Mdomo ukajifunga. Sifa ile akaimeza, ikakaa tumboni miaka tisa kama jiwe, na kila alipopaka ukuta ule, kivuli kikamjibu.

Sasa sikia. Mwaka huu alikuja msanii asiye na picha hata moja. Binti mrefu, mkimya, na sanduku lake lilipofunguliwa lilikuwa limejaa karatasi za msasa na mashine ya kusagia ukuta. Mama Ngazi alimpa jina papo hapo: Dada Msasa.

"Picha ziko wapi, mwanangu, nipige misumari?"

"Hakuna misumari, Mama. Nakwangua kuta zenyewe. Naanza na duara dogo katikati naenda mpaka chini kabisa, halafu nalipanua, kila rangi inabaki na mviringo wake. Watu wanaona umri wa ukuta."

"Yaani miaka yote mimi nafunika, wewe unakuja kufunua."

"Ndiyo hivyo," binti alicheka. "Nionyeshe basi. Wapi kuna rangi nyingi zaidi? Wewe ndiye unayejua."

 Mama Ngazi akampeleka chumba cha kwanza, karibu na dirisha. Mashine ikaunguruma siku mbili, vumbi likajaa mpaka kwenye kope, na ukutani likatokea duara zuri ajabu: weupe juu ya weupe, kisha buluu ya miaka ya mwanzo, kisha rangi ya maziwa ya enzi za duka la vitambaa. Mwalimu alikuja kila baada ya saa moja kushangaa. Mama Ngazi aliomba kimoyomoyo binti atosheke.

Hakutosheka. Siku ya tatu mchana alianza kupita kwenye kuta akizigonga kwa vifundo vya vidole, kama anayechagua tikiti sokoni. Ngo, ngo, ngo. Alipofika nyuma ya mlango wa chumba cha pili, mlio ulibadilika, ukawa mzito.

"Mama! Hapa ndipo, mbona hukuniambia? Hapa rangi ni nene kama ubao." Akachora duara kwa penseli, kipenyo chake hatua nzima. "Kesho asubuhi naanza hapa."

Usiku ule Mama Ngazi hakulala. Mashine ilikuwa inasaga kila kitu kuwa unga, alikuwa ameiona. Makaa yangesagwa pamoja na rangi, yangefagiliwa, yangetupwa, na ufagio ungekuwa wake. Kivuli kingeondoka. Lo, jinsi alivyotamani kiondoke! Apite na ufagio kama binadamu wengine. Lakini pale chini ndipo lilipokuwa jambo la mwisho mwanawe alilomwandalia, na yeye alikuwa bado hajalitazama. Ili kulikomboa ingebidi aseme. Aseme mbele ya Mwalimu, ambaye kwa miaka tisa alimtazama kama mtu wa chuma.

Asubuhi alikuta binti amekwishavaa kitambaa cha pua, mashine mkononi, kidole kwenye swichi. Mwalimu alikuwa amesimama ujiani na kikombe cha chai. Mashine ikaunguruma.  Mama Ngazi aliinama akang'oa waya kwenye soketi.

"Mama?"

"Chini hapo pana mchoro."

"Ninajua," alisema Mwalimu kwa upole. "Mchoro wa marehemu. Lakini uliupaka mwenyewe, Mama Ngazi, kwa moyo wa ujasiri, na sisi sote..."

"Sikuwa na ujasiri wowote!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sikujua ni wake, Mwalimu. Sikujua ni mimi. Niliona mama mnene juu ya ngazi, nikamcheka, nikampaka. Alikuja hapa mlangoni akaniuliza kama nimeiona, nikamwambia ashike ngazi au aondoke. Akaondoka. Wewe ukanisifu kaburini, nami nikanyamaza. Miaka tisa nimenyamaza." Akajishika ukutani. "Sasa naomba msiisage. Nataka kuiona, hata kama imebaki doa."

Kikombe cha Mwalimu kilikuwa kimeinama, chai inamwagikia kiatu, mwenyewe hana habari. "Siku ile ulipotania makalio," alisema polepole.

"Sikutania."

"Nami nikacheka." Akavua miwani, akaishika tu. "Ningesema neno moja. Nilidhani wajua. Ee Mungu wangu, nilidhani wajua."

Dada Msasa aliweka mashine chini. Aligusa ukuta, akafikiri, kisha akachukua kisu kipana cha puti akampa Mama Ngazi, mpini mbele. "Rangi ikipakwa juu ya makaa haishiki ukuta vizuri, Mama. Nawe umeilemeza kwa kuirudia. Tukienda taratibu huenda ikatoka kama ganda. Huenda pia ikavunjika yote. Siwezi kukuahidi."

"Liwalo na liwe," alisema Mama Ngazi.

Alianzia pembeni. Kisu kiliingia, kikagoma, kikaingia tena. Walifanya kazi watatu, yeye akisukuma, wale wawili wakipokea kwa viganja na kulaza vipande juu ya shuka sakafuni. Karibu saa sita ganda kubwa lilitoa mlio kama biskuti, likaachia kutoka juu mpaka katikati, likawaegemea mikononi. Upande wake wa ndani ulikuwa mweusi: mgongo, kitambaa cha kichwa, mkono, vyote vimegeuzwa kulia kwenda kushoto. Na ukutani, nyuma yake, palibaki mchoro ule ule kama mwanawe alivyouchora, umefifia lakini kila mstari mahali pake.

Mama Ngazi alijitazama. Fundo la kitambaa lilikuwa lake, lile la kufunga kwa pembeni. Kisigino kilichoinuka kwenye kiatu kilikuwa chake. Kipandio cha nne kilikuwa na waya. Mtoto alikuwa ameweka hata waya! Kipofu gani asingeona?

"Bado chini," alisema binti.

Chini, siku zile za maonyesho ya vijana, palikuwa pamerundikwa viti vya plastiki, na Jumatatu ya kupaka aliviburuta kwa mguu akapitisha rola bila kuinama. Sasa alipiga magoti. Kisu hakikuhitajika tena. Ganda liliachia kwa kucha. Miguu ya ngazi ikatokea, na kwenye kila mguu, mkono umeushika. Mikono miwili tu, inatokea ukingoni mwa mchoro, mishipa imesimama kwa nguvu ya kushika. Ule wa kulia, kucha ya kidole gumba ilikuwa imepasuka katikati.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja chake juu ya mkono ule wa makaa, akalia kilio kile cha kifua ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka. Mwalimu alitoka nje. Binti alibaki, akakaa sakafuni karibu naye, na kwa hilo nampa heshima zangu.

Maonyesho yalidumu wiki sita. Watu waliyatazama maduara, kisha wakaingia nyuma ya mlango, wakakaa huko muda mrefu, na wengi wakatoka bila kusema wazo lolote la busara, jambo ambalo kwenye jumba la sanaa ni nadra. Mama Ngazi alifagia kama kawaida. Kila asubuhi alisimama pale kabla ya kufungua mlango wa nje, akatazama, mpaka akaujua ule mgongo wake vizuri kuliko uso.

Jumatatu ya mwisho Mwalimu alimkuta akikoroga rangi.

"Chumba cha pili tuache," alisema. "Kamati ya jumba imekubali. Nyuma ya mlango pabaki hivyo hivyo, siku zote."

"Ukuta ni wa watu wote, Mwalimu."

"Mama Ngazi, tafadhali. Hakuna atakayekulaumu."

"Najua. Nami mara hii najua ninachokipaka." Akamimina rangi kwenye sinia la rola. "Lakini hapo nitapita mara moja tu. Kivuli kikitaka kurudi, kirudi. Wala sitatundika tena picha kubwa ya kukiziba."

Mwalimu akasogea aishike ngazi, maana sakafu ya pale ina mteremko na mama huyu si kijana tena. Kwa miaka tisa alikuwa akipanda peke yake. Kila aliyejitolea kumshikia alifukuzwa.

"Mwalimu, niachie."

"Utaanguka."

"Sitaanguka. Nenda kanywe chai."

Alisubiri mpaka hatua zake zikapotea ujiani. Aliisogeza ngazi karibu na ukuta, miguu yake ya mbao ikaja sambamba na miguu ya makaa, pale penye mikono. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Safari hii aligeuka, akautazama, akakaa akiutazama, mpaka akaridhika.

"Nimeiona, baba," alisema. "Imenipendeza. Haya, shika vizuri."

Akapanda.